Kifurushi cha asili au cha kugeuzwa? Namna ya kuchagua kwenye Debian na Ubuntu

Programu unayoitaka umeipata, ila mtengenezaji ametoa faili la .rpm tu (kifurushi cha Fedora na Red Hat), nawe unatumia Debian au Ubuntu, ambako vifurushi ni vya .deb. Usikimbilie kuligeuza liwe .deb.

Hatua ya 1. Anza na hazina ya mfumo wako, yaani ghala lake rasmi la vifurushi: `apt search jina`, halafu `apt policy jina` uone toleo lililopo. Hata likiwa la nyuma kidogo, mimi ningelichukua hilo hilo, kwa sababu viraka huja kila unapoendesha `apt upgrade`. Kifurushi ulichogeuza mwenyewe hakina wa kukiangalia ila wewe.

Hatua ya 2. Hamna? Angalia kama ipo Flatpak au AppImage, aina za vifurushi zisizofungwa na Linux moja. Mara nyingi safari huishia hapa.

Hatua ya 3. Umekosa kote, basi sakinisha `alien`, chombo cha kugeuza .rpm kuwa .deb. Fonti, au programu inayojitegemea ndani ya `/opt`, geuza bila wasiwasi. Lakini libc, systemd na vingine ambavyo ukiviondoa mfumo unakwama, usiviguse kabisa.

Hatua ya 4. Soma skripti, yaani amri zinazoendeshwa kifurushi kinaposakinishwa au kuondolewa, kabla ya kugeuza:

`rpm -qp --scripts faili.rpm`

Hapa ndipo penye mtego. Ukikuta `chkconfig`, amri ya kupanga huduma zinazowaka mfumo unapoanza, ujue skripti iliandikwa kwa ajili ya Red Hat na jamaa zake. Kwako itagonga mwamba. Kwa kawaida alien huziacha skripti nje, na huzibeba ukiongeza `-c`. Kama hukuzielewa, usiiongeze.

`sudo alien --to-deb -k faili.rpm`

Hiyo `-k` huzuia namba ya toleo isibadilishwe. `sudo` nayo inahitajika ili umiliki wa mafaili usivurugike.

Hatua ya 5. Chungulia ndani kwa `dpkg -c faili.deb`. Kugeuza hubadilisha bahasha tu, barua ni ileile: Fedora huweka maktaba (mafaili ya msimbo ambayo programu huyategemea) za biti 64 kwenye `/usr/lib64`, Debian kwenye `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`. Ndiyo maana programu husakinishwa vizuri, kisha ikagoma kufunguka. Sakinisha kwa `sudo apt install ./faili.deb`, halafu pima kama kuna maktaba inayokosekana:

`ldd /njia/ya/programu | grep "not found"`

Ikitokea mistari mitatu minne, tafuta maktaba hizo kwa `apt-file search`. Ikijaa skrini nzima, `sudo apt remove jina`, urudi hatua ya 2.

Ikifanya kazi, ishikilie kwa `sudo apt-mark hold jina`, isije ikafunikwa na kifurushi cha jina hilo kutoka hazinani.