Maswali ya riba rahisi kwenye usaili: anza na riba ya mwaka mmoja

Tangazo la usaili wa mchujo likitoka Sekretarieti ya Ajira, hapa Dodoma wanafunzi wangu wa jioni huongezeka ghafla. Wengi wana shahada, lakini hisabati waliagana nayo kidato cha nne, na swali la riba linawatisha kuliko linavyostahili. Kanuni wanaijua kwa kichwa: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Shida ni kuitumia bila kikokotoo, dakika zikiyoyoma, huku majibu manne yamepangwa kwa ujanja mbele yako.

Ninachosisitiza ni kimoja. Kabla hujaigusa kanuni, tafuta riba ya mwaka mmoja. Riba rahisi hukokotolewa kwenye mtaji ule ule wa mwanzo, kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa saba huzaa kiasi kile kile. Ukishajua mwaka mmoja unazaa shilingi ngapi, miaka mitano ni kuzidisha kwa tano na miezi minne ni kugawanya kwa tatu.

Hatua ya 1: Jua umepewa nini

Pigia mstari mtaji, kiwango, muda na kinachoulizwa. "Atapata riba kiasi gani" na "atarejesha kiasi gani" ni maswali mawili tofauti. La pili linataka jumla, yaani mtaji pamoja na riba.

Kisha angalia kiwango ni cha mwaka au cha mwezi. Ukisoma kwamba mwanakikoba amekopa 200,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, kila mwezi ni 10,000, na miezi mitatu ni 30,000. Hapa hakuna cha kugawanya kwa 12.

Jiulize pia asilimia hiyo ni ya nini. Kijana mmoja aliwahi kunibishia kwamba mikopo ya halmashauri ina riba ya asilimia 10. Ile 10 ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo wenyewe hauna riba. Mtungaji wa mtihani naye anaweza kukutupia asilimia isiyohusika na riba, uone kama unasoma au unachota namba tu.

Hatua ya 2: Riba ya mwaka, halafu muda

Mkulima wa zabibu wa Hombolo amekopa 800,000 kwa riba rahisi ya asilimia 12 kwa mwaka. Baada ya miezi 9 atarejesha kiasi gani?

(a) 72,000 (b) 864,000 (c) 872,000 (d) 896,000

Asilimia moja ya 800,000 ni 8,000. Umefuta sifuri mbili tu. Mara 12 ni 96,000. Hiyo ndiyo riba ya mwaka. Miezi 9 ni robo tatu ya mwaka: robo ni 24,000, robo tatu ni 72,000. Anarejesha 872,000, jibu ni (c).

Sasa yatazame majibu mengine, maana hakuna lililowekwa kwa bahati. (a) ni la aliyepata riba akasahau kwamba ameulizwa marejesho. (d) ni la aliyehesabu mwaka mzima. Lile (b) ndilo hatari. Ni 96,000 mara 9, kazi ya mtu aliyeichukua miezi kama miaka. Lakini kwa macho linafanana kabisa na marejesho ya mkopo wa laki nane, kwa hiyo mtu anaweka alama na kuendelea akiwa na amani moyoni. Aliyeanza na riba ya mwaka hanaswi hapo, kwa sababu anajua mapema kwamba miezi 9 haiwezi kuzaa zaidi ya 96,000.

Muda ukitolewa kwa siku, ujue namba 73. Siku 73 ni sehemu moja ya tano ya siku 365, na watungaji wanaipenda pamoja na 146 na 219. Kuanzia tarehe 5 Machi hadi 17 Mei, kwa mfano: Machi zimebaki siku 26, Aprili 30, Mei 17, jumla 73. Siku ya kwanza haihesabiwi. Kama ni 500,000 kwa asilimia 8, mwaka ni 40,000, basi riba ni 8,000.

Hatua ya 3: Ukipewa jumla mbili, toa

Swali hili huwafanya watu waandike milinganyo nusu ukurasa: fedha fulani ilifikia 690,000 baada ya miaka 3, na 750,000 baada ya miaka 5. Tafuta mtaji na kiwango.

Usiandike mlinganyo wowote. Mtaji haukubadilika, kwa hiyo tofauti ya 60,000 ni riba tupu ya miaka miwili. Mwaka mmoja ni 30,000. Miaka mitatu ya kwanza ilizaa 90,000. Toa kwenye 690,000, mtaji ni 600,000. Kiwango ni 30,000 kwa 600,000, yaani asilimia 5. Kila namba hapa imetoka kwenye riba ya mwaka mmoja, na kanuni hatujaigusa.

Mdogo wake ni swali la fedha kuongezeka maradufu. Mtaji umekuwa mara mbili kwa miaka 8. Utakuwa mara tatu baada ya miaka mingapi tangu mwanzo? Wengi hukimbilia 12, kwa kuona tatu ni moja na nusu ya mbili. Jibu ni 16. Ili uwe mara mbili, riba lazima ilingane na mtaji mmoja, na hiyo imechukua miaka 8. Ili uwe mara tatu, riba ilingane na mitaji miwili.

Hatua ya 4: Fedha iliyogawanywa

Mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa ana 1,000,000. Sehemu ameikopesha kwa asilimia 8, iliyobaki kwa asilimia 12, na kwa mwaka amepata riba ya 92,000. Kwa asilimia 12 alikopesha kiasi gani?

Chukulia kwamba yote aliikopesha kwa 8. Angepata 80,000. Zimezidi 12,000, na ziada hiyo imetoka kwenye tofauti ya asilimia 4. Ni fedha gani ambayo asilimia 4 yake ni 12,000? Ni 300,000. Hakiki: 700,000 kwa 8 ni 56,000, 300,000 kwa 12 ni 36,000, jumla 92,000. Kama muda unakubana na aina hii bado haijakukaa, liruke urudi baadaye. Alama yake kwa kawaida ni ile ile ya swali jepesi.

Riba juu ya riba

Wakati mwingine huulizwa tofauti kati ya riba rahisi na riba inayotozwa juu ya riba, kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza zote ni sawa. Tofauti yote ni riba ya riba ya mwaka wa kwanza. Kwa 400,000 na asilimia 10, mwaka wa kwanza ni 40,000, na asilimia 10 yake ni 4,000. Basi. Mambo ya marejesho ya benki yanayokokotolewa kwenye deni linalopungua kila mwezi yaache nje ya chumba cha mtihani, isipokuwa swali limeyataja.

Fanya haya bila kikokotoo

Moja: 450,000 zimezaa riba ya 81,000 kwa miaka miwili na nusu. Kiwango ni kipi?

Mbili: mtaji umeongezeka kwa nusu yake ndani ya miaka 4. Utakuwa maradufu baada ya miaka mingapi tangu mwanzo?

Tatu: dereva wa bodaboda wa Nkuhungu amerejesha 660,000 baada ya miezi 8, kwa asilimia 15 kwa mwaka. Alikopa kiasi gani?

Majibu: asilimia 7.2, miaka 8, 600,000. Kwenye la tatu, anza kwa kubadili asilimia 15 ya mwaka iwe asilimia 10 ya miezi 8. Ukipata 594,000, umetoa asilimia 10 kwenye marejesho badala ya kwenye mtaji. Gawanya 660,000 kwa 110, kisha zidisha kwa 100.