Chenga kwenye picha za usiku: dawa ni mwanga, si kushusha ISO

Anayepiga sendofu na harusi za usiku Mbeya, Iringa au Njombe analijua tatizo hili. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera picha inaonekana safi, lakini ukiifungua kwenye kompyuta nyuso zimejaa chenga, yaani vidoadoa kama punje za mchanga, na sehemu za giza zina madoa ya zambarau na kijani. Wengi huilaumu ISO, ile namba inayoamua kamera ikuze mwanga kiasi gani, na safari inayofuata wanaishusha. Hapo ndipo picha zinapoharibika zaidi.

Chenga inatoka wapi

Mwanga huifikia sensa, kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, ukiwa fotoni (chembe za mwanga) mojamoja, na fotoni hazifiki kwa mpangilio sawa. Pikseli inayotarajiwa kupokea fotoni 10,000 huyumba kwa kama 100 hivi juu au chini, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Inayotarajiwa kupokea 100 huyumba kwa 10, yaani asilimia 10, na hiyo ndiyo chenga unayoiona. ISO haiongezi fotoni hata moja. Inakuza kilichokwisha kupokelewa, pamoja na chenga zake. Picha ya ISO 6400 ina chenga kwa sababu sensa imepewa sehemu moja tu ya 64 ya mwanga ambao ISO 100 ingeudai.

Sasa mtu anayeng'ang'ania ISO 1600 mahali panapotaka 6400 anapata picha yenye giza, kisha anaiinua kwenye programu. Mwanga ulioingia ni uleule, kwa hiyo chenga ni zilezile. Kwenye kamera nyingi za zamani zinazidi, kwa sababu chenga za saketi za kamera yenyewe nazo zinainuliwa, na mara nyingine mistari ya kulala inatokea kwenye vivuli. Kama mahali panataka 6400, weka 6400.

Anza na lenzi, kisha shata. ISO ije mwisho

Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukiivuta hadi 55, inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ulipolazimika kupiga kwa ISO 12800 unashuka hadi karibu 1300. Hakuna mpangilio wa menyu utakaokupa faida hiyo, kwa hiyo kabla ya kufikiria kubadili kamera, nunua lenzi.

Ila f/1.8 ina gharama yake. Kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ile ndogo ya kamera nyingi za kawaida, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha kama sentimita 11. Bwana harusi akisimama nyuma kidogo ya bibi harusi, mmoja wao anatoka na ukungu. Kwa watu wawili funga hadi f/2.8; kwa familia nzima jukwaani usijidanganye, tumia flashi na f/5.6.

Kwa shata, yaani muda ambao sensa inapokea mwanga, watu waliotulia wanaridhika na 1/100 ya sekunde. Maharusi wakiingia ukumbini kwa mwendo wa taratibu weka 1/125, na muziki ukikolea watu wakaserebuka weka 1/250. Kitulizi kilichomo kwenye lenzi kinatuliza mkono wako, mchezaji hakimgusi. Angalia pia taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za LED za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250 utaona picha moja ina mwanga, inayofuata ina giza, au mikanda ya giza imekatiza picha. Rudi kwenye 1/100 au 1/50, ambazo hukamilisha mpepeso mzima.

ISO ya otomatiki ni msaada mkubwa ukiiwekea mipaka: juu 6400, shata isishuke chini ya 1/125. Zile ISO za juu kabisa zilizoandikwa H1 au H2 ziache. Aghalabu ni ukuzaji wa hesabu tu, kazi ambayo kompyuta yako ingeifanya.

Shela jeupe, uso mweusi

Hapa ndipo chenga nyingi za harusi zinapozaliwa. Kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani kila kitu kina wastani wa kijivu. Kikiona shela, maua meupe na vitambaa vyeupe vya jukwaani, kinaamua kuna mwanga mwingi na kupunguza. Shela linatoka la kijivu, na uso wa bibi harusi, ambao kiasili unaakisi mwanga kidogo kuliko kitambaa, unazama gizani. Fundi akiuinua uso huo baadaye, anainua chenga.

Bonyeza kitufe chenye alama ya +/- uweke +0.7 hadi +1. Washa onyo la mwanga uliozidi, lile linalomulikamulika kwenye kioo: likimulika kwenye taa na sehemu ndogo za kitambaa, endelea, likimulika kwenye shela zima, rudi hadi +0.3. Piga kwa RAW, faili ghafi la sensa ambalo kamera haijalichakata, maana JPEG ya kitambaa kilichoungua haina cha kuokoa. Ukumbi wenye pazia jeusi nyuma hufanya kinyume: kamera inazidisha mwanga, na unaweza kuhitaji -0.7.

Taa za rangi za DJ ni shida nyingine. Chini ya taa ya buluu tupu, pikseli za nyekundu na kijani hazipati karibu chochote, na rangi ya ngozi inatoka humo. Ukijaribu kuirudisha ngozi katika rangi yake, programu inazikuza pikseli zilizokosa mwanga, na uso unajaa madoa. Usipambane nayo. Subiri taa ibadilike, tumia flashi, au geuza picha iwe nyeusi na nyeupe.

Flashi

Igeuzie darini, si usoni kwa mtu. Dari jeupe la mita 3 hivi linafaa sana. Kitambaa cheupe cha mapambo pia, ila cha rangi kitapaka watu wote rangi hiyo. Kanisa lenye paa refu la mbao linameza mwanga wote, kwa hiyo tafuta ukuta mweupe wa pembeni. Usiogope kupandisha ISO hata ukiwa na flashi: kutoka 400 kwenda 1600, mwanga wa flashi unafika umbali mara mbili, na ukumbi ulio nyuma hautoki mweusi kama pango.

Nyota za Kitulo

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na baridi yake ya Juni na Julai inaisaidia sensa: joto likipungua, chenga zinazotokana na joto nazo zinapungua. Betri ndiyo inayoumia, basi ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Weka kamera kwenye stendi, lenzi 18mm ikiwa wazi kabisa, ISO 3200, sekunde 18. Ukizidisha hapo, nyota zinageuka vistari. Piga picha 16 mfululizo bila kugusa kitu, kisha ziunganishe kwa programu ya Sequator, ambayo ni ya bure. Picha 4 zinapunguza chenga hadi nusu, 16 hadi robo. Ukirudi ndani penye moto, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuvuka mlango na uiache nusu saa, la sivyo lenzi itajaa umande.

Kwenye kompyuta

Programu za kuhariri RAW za Darktable na RawTherapee ni za bure na zinatosha. Ondoa kwanza chenga za rangi, ambazo unaweza kuzifuta karibu zote bila kuumiza picha. Zile za weusi na weupe ziguse kidogo tu. Ukizifuta zote, vinyweleo vinapotea na ngozi inakuwa ya plastiki. Acha vivuli vya nyuma viwe vyeusi, hakuna mteja anayetaka kuona viti vitupu. Kipengele cha kupunguza chenga kilicho ndani ya kamera kwa kawaida hugusa JPEG tu, hakigusi RAW.

Na usihukumu picha ukiwa umeikuza asilimia 100. Picha ya inchi 5 kwa 7 inahitaji pikseli milioni 3 hivi. Ukiipunguza ya milioni 24 hadi hapo, pikseli kama 8 zinageuka moja na chenga zinabaki karibu theluthi. Punguza ukubwa, nolesha baada ya hapo, chapisha nakala moja uiangalie kwa umbali wa mkono, ndipo uamue kama inahitaji kazi zaidi.