Usilioshe yai la "Fabergé" kwa maji
Vile vijiyai vya mapambo vinavyoiga mayai ya Pasaka ya wafalme wa Urusi havitaki maji. Vingi ni vya zinki iliyochovywa rangi ya dhahabu, na "vito" vyake ni vipande vya kioo vilivyobandikwa kwa gundi. Maji ya sabuni yakipenya chini, gundi hulegea na vito huanza kudondoka kimoja kimoja. Chukua brashi laini ya kuchorea, kavu, upitishe taratibu kwenye mianya, basi. Bawaba ya kifuniko ndiyo huvunjika mapema, kwa hiyo fungua kwa mikono miwili.

Na muuzaji akikuapia kwamba ni yai halisi la kifalme, mwache aape. Karakana ya sonara Carl Fabergé, mtengenezaji wa mayai hayo, kule Saint Petersburg ilikabidhi mayai ya kifalme 50 tu, kuanzia 1885 hadi 1916 (vidani vidogo vya umbo la yai ilitengeneza vingi zaidi, hilo kweli). Jina lililogongwa chini ya yai lisikubabaishe. Muhuri ndicho kitu rahisi kughushi kuliko vyote.