Jinsi ya kupata ruzuku ya pauni 7,500 ya hiti pampu kama una nyumba yako England au Wales

Jamani kuna hela ya serikali huku ambayo wenzetu wengi wenye nyumba zao hawaijui, na walioisikia wengi wameisikia kwa kijana aliyegonga mlango saa mbili usiku ana kitambulisho shingoni, basi wakaogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mpango wenyewe unaitwa Boiler Upgrade Scheme na ni wa kweli. Ukitoa boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba na maji, ya gesi au ya mafuta ukaweka hiti pampu, serikali inakata pauni 7,500 kwenye bei. Ulianza Mei 2022, wakati huo hiti pampu ya hewa ilikuwa inapata pauni 5,000, Oktoba 2023 wakapandisha. Sio mkopo, hurudishi kitu, na hawakuulizi kipato, uwe kea (mtunza wazee na wagonjwa) wa zamu za usiku au daktari bingwa kiasi ni kilekile.

Hiti pampu yenyewe ni friji iliyogeuzwa. Friji inatoa joto mle ndani inalitupa nyuma, ndio maana ukipitisha mkono nyuma ya friji unasikia uvuguvugu. Hii nayo inachota joto lililopo kwenye hewa ya nje, maana hata asubuhi ya Januari yenye barafu kwenye kioo cha gari bado hewa ina joto kidogo, inalipandisha nyuzi na kuliingiza kwenye maji ya radieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha chumba. Kwa yuniti moja ya umeme unapata joto la yuniti tatu hivi, ikifungwa vizuri inakaribia nne. Hapo kwenye "ikifungwa vizuri" ndipo penye habari yote, nitarudi.

Nani anapata? Mwenye nyumba anayeishi humo, na hata mwenye nyumba anayepangisha. Mpangaji hawezi kuomba mwenyewe, na nyumba za kansoli (halmashauri) na hausing asosiesheni (mashirika ya nyumba za kupangisha kwa bei nafuu) hazimo. Nyumba mpya uliyonunua kwa mjenzi haimo, ila uliyojijengea mwenyewe inaweza kuingia. Kama una fleti ya lisi, yaani umenunua haki ya kukaa miaka kadhaa lakini jengo ni la mwingine, hakikisha una ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi kabla hujaita fundi yeyote. Mtambo lazima ubebe joto lote la nyumba na maji ya kuoga, huwezi kubakiza boila ya gesi pembeni eti isaidie siku za baridi kali. Walioko Scotland wana mpango wao kupitia Home Energy Scotland, ni mpaka pauni 7,500 na wa vijijini wanaongezewa 1,500.

Anza na cheti cha EPC, kile kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani, kwa alama A (bora) mpaka G. Ingia gov.uk, tafuta kwa postikodi yako, ni bure, utaona kama nyumba ina cheti ambacho hakijapitisha miaka 10. Kimeisha? Lipia mpimaji aje, inacheza pauni 60 mpaka 120 kutegemea nyumba. Zamani kama cheti kilisema dari yako haina insuleshini (tabaka la kuzuia joto lisitoroke) ulitakiwa uiweke kwanza ndio upate ruzuku, tangu Mei 2024 sharti hilo limeondolewa. Lakini ndugu yangu usifurahi ukaliruka! Nyumba inayovuja joto itataka mtambo mkubwa na itakula umeme mwingi, kwa hiyo panda darini na tochi na rula uangalie. Sufi ya darini inatakiwa ifike milimita 270 hivi. Nyumba yetu ni ya miaka ya 1930, nilipopanda nilikuta sufi imelala nyembamba haifiki vidole vinne, na sisi miaka mitatu tumekuwa tukibishana nani kaacha hita usiku. Tuliongeza sufi wikiendi moja na chumba cha watoto kikabadilika kabla hata hatujagusa boila.

Ila kitu kimoja, usizibe matundu ya hewa. Nyumba zetu tunapika sana, maharage yanachemka masaa, nguo zinaanikwa ndani Novemba mpaka Machi, ule mvuke usipopata pa kutokea unakaa ukutani unakuwa ukungu mweusi na watoto wanaanza kukohoa. Ziba upepo unaopenya chini ya mlango na pembeni ya madirisha, feni ya jikoni na ya bafuni ziache zifanye kazi.

Sasa fundi. Kampuni lazima iwe imesajiliwa na MCS, chombo kinachothibitisha mafundi wa mitambo hii, bila hiyo ruzuku hakuna. Usikubali kadi ya usajili aliyokuonyesha kwenye simu yake, ingia saiti ya MCS mwenyewe utafute jina. Chukua makadirio ya kampuni tatu. Kazi nzima kabla ya ruzuku mara nyingi inaanguka kati ya pauni 10,000 na 14,000, nyumba kubwa inazidi, na VAT ni sifuri mpaka 31 Machi 2027, kwa hiyo ukiona VAT kwenye karatasi ya makadirio uliza imetoka wapi.

Fundi mzuri utamjua kwa kupima. Atapita chumba kwa chumba, atapima madirisha, kuta, saizi ya kila radieta, atakuuliza baridi inaingilia wapi. Anayekutajia bei kwa simu au akiwa amesimama sebuleni dakika kumi, achana naye hata kama bei yake ni nzuri. Muulize maji yatatembea kwenye radieta yakiwa na nyuzi ngapi siku ya baridi kali, 45 au chini ya hapo ni jibu zuri, akisema 55 muulize radieta zipi zikiongezwa ukubwa itashuka. Muulize tangi la maji moto litakaa wapi, maana ukiwa umezoea boila ya kombi, inayochemsha maji papo hapo, hukuwa na tangi, na kuna watu wamepoteza kabati la nguo bila kuambiwa. Muulize pia kuhusu mabomba, nyumba nyingine zina mabomba membamba ya milimita 8 au 10 na hayo yanaweza kuhitaji kubadilishwa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Umeme huku kwa yuniti ni karibu mara nne ya bei ya gesi. Mtambo unaokupa joto mara mbili na nusu tu utakupandishia bili, unaokupa karibu mara nne unaanza kukuokolea. Ruzuku ni ileile kwa wote wawili.

Maombi yenyewe hufanyi wewe, kampuni ndiyo inaomba kwa Ofgem, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya gesi na umeme, na hela inakatwa kwenye bei yako, haipiti mkononi mwako. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka umlipe pauni 200 ya "kukufungulia faili" ni tapeli, mfungie mlango. Kazi yako ni moja, Ofgem watakutumia imeili uthibitishe kwamba umekubali, usipojibu maombi yanakufa, na imeili hiyo wakati mwingine inajificha kwenye spamu. Wakikubali, vocha (kibali cha ruzuku) ya hiti pampu ya hewa inadumu miezi mitatu. Kabla ya kulipa dipositi hakikisha kampuni iko chini ya mpango wa kulinda wateja kama RECC au HIES na dipositi ina bima.

Wagonga milango wengine wanauza povu la kupuliza darini eti lizuie joto lisitoke. Tafadhali msikubali haraka, mabenki mengi yanakataa kutoa mogeji (mkopo wa kununulia nyumba) kwa nyumba yenye povu hilo na kulitoa ni gharama kubwa. Dada mmoja tunayesali naye alisaini siku ileile, sasa anataka kuuza nyumba na wanunuzi wawili wamekimbia.

Kama kipato cha nyumba hakizidi pauni 36,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na cheti chako kiko D mpaka G, kwa England piga kansoli yako uulize Warm Homes: Local Grant, hiyo inaweza kulipa insuleshini na mengine bila wewe kutoa kitu. Wales uliza mpango wao unaoitwa Nest. Na kama viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, soma kwanza orodha iliyoko gov.uk ya vitu vinavyohesabiwa, usitegemee maneno ya grupu la WhatsApp.

Mtambo ukishafungwa usiuendeshe kama boila ya kuwasha kwa muda wa saa moja kisha kuzima. Uache ufanye kazi taratibu kutwa nzima. Mama yangu alipokuja kututembelea alishika radieta akasema imeharibika, ya uvuguvugu tu, lakini kanga begani, sweta hakuvaa. Piga kampuni ya umeme uombe tarifu (bei maalumu ya umeme) ya hiti pampu, na kama jiko nalo umebadilisha kuwa la umeme, kata gesi kabisa, ile ada ya kila siku ya peni 30 hivi kwa mwaka inapita pauni 100. Cheti cha MCS kiweke pamoja na hati ya nyumba, wakili wa mnunuzi atakiuliza.