Kutoa kokoto kwenye tangi la samaki na kuweka mchanga na mimea hai

Kazi yenyewe humalizika kwa nusu siku. Samaki wakifa, kwa kawaida hufa siku ya tatu au ya tano baadaye, wakati maji yamekwisha kung'aa na mwenye tangi ameridhika. Chanzo ni kokoto zilizotolewa. Juu yake walikuwa wakiishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Zikiondoka zote, sehemu ya bakteria hao huondoka nazo, na amonia hupanda. Kwa hiyo maandalizi huanzia kwenye filta, wiki kadhaa kabla ya kuwaza mchanga.

Kama una filta ya sponji au ya kuning'inia iliyofanya kazi miezi 2 au zaidi, bakteria wa kutosha wako humo. Usiifungue kuiosha wiki 2 kabla ya kazi, wala wiki 3 baada yake. Lakini kama filta yako ni ile ya sahani za plastiki zenye matundu zinazolala chini ya kokoto, basi kokoto zenyewe ndizo filta. Mchanga hauwezi kukaa juu ya sahani hizo, kwani utapenya na kuziba matundu. Nunua filta ya sponji, iweke ndani ya tangi ifanye kazi sambamba na ile ya zamani kwa wiki 6, ndipo uing'oe ya chini. Usifupishe muda huu hata kama maji yanaonekana mazuri.

Mchanga

Tuchukue tangi la sentimita 80 kwa 35, lenye kimo cha 40. Kina cha wastani cha mchanga kiwe sentimita 4: mbele 3, nyuma 5 au zaidi kidogo kwa ajili ya mizizi. Hesabu ni 80 × 35 × 4, yaani sentimita za ujazo 11,200, sawa na lita 11 na ushei. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu kilo 1.6, hivyo unahitaji kama kilo 18. Chukua 25, maana kuchekecha na kuosha hupunguza.

Mchanga wa mto unaouzwa kwa ujenzi unafaa kabisa, mradi usichotwe kwenye rundo lililo jirani na saruji. Saruji kidogo tu hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) ya tangi zima. Uchekeche kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu: kinachopita ndicho unachokitaka. Chembe za milimita 0.5 hadi 1.5 ndizo bora. Mchanga laini kama vumbi hushikamana, maji hayapiti, na mizizi hukosa hewa.

Wakazi wa pwani watashawishika na mchanga mweupe wa ufukweni. Mwingi wake ni vipande vya matumbawe na makombe, yaani kalisi kaboneti, ambayo huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye madini mengi, na pH kupanda. Kuuosha chumvi hakuondoi tatizo hilo. Jaribio ni rahisi: weka kijiko cha mchanga mkavu kwenye glasi, umiminie siki nyeupe, kisha usikilize na kutazama kwa dakika moja. Ukitoa mapovu, uache. Isipokuwa kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH karibu na 9. Hao watafurahia, ila orodha ya mimea itakuwa fupi.

Kuosha: jaza ndoo theluthi moja, tia maji, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga maji machafu. Rudia mara 10 au 15, hadi uone mkono wako chini ya maji. Ndoo iwe haijawahi kutiwa sabuni.

Mimea

Anza na mimea migumu. Vallisneria hustahimili maji magumu na hujieneza yenyewe kwa vikonyo. Cryptocoryne huridhika na mwanga hafifu. Anubias, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, haupandwi mchangani: shina lake nene linalolala likifukiwa huoza, kwa hiyo lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Ongeza Ceratophyllum inayoelea bila mizizi. Hukua haraka na kufyonza amonia, jambo unalolihitaji sana katika wiki za mwanzo. Pandikiza mingi siku ya kwanza. Mimea mitatu kwenye tangi la lita 100 huliachia mwani nafasi yote.

Usiingie ziwani au bwawani kuchuma mimea. Maji yaliyotulia yenye majani ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza kichocho, na mimea yenyewe huja na ruba na mabuu ya kereng'ende wanaokula samaki wachanga. Hata mimea ya dukani iloweke kwanza: kijiko kikubwa 1 cha shabu ya unga kwa lita 4 za maji, kwa siku nzima, kisha uisuuze vizuri. Hilo huondoa konokono na mayai yao mengi bila kuunguza majani kama jiki inavyofanya.

Siku ya kazi

Usiwalishe samaki siku iliyotangulia. Andaa lita 60 za maji mapya. Kama ni ya bomba yenye klorini, yaache wazi kwa saa 24 yakiwa na jiwe la hewa (kifaa cha pampu kinachotoa mapovu), au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kwa wenye hita, hasa miji ya baridi kama Nairobi na Arusha, izime dakika 15 kabla ya kushusha maji. Ikiwa moto nje ya maji, kioo chake hupasuka.

Nyonya nusu ya maji ya juu kwa mpira, uyaweke kwenye ndoo safi. Samaki waingie humo pamoja na filta inayoendelea kufanya kazi, kisha funika kwa kitambaa, maana wataruka. Filta isizimwe kwa zaidi ya saa moja. Bakteria nao wanahitaji oksijeni.

Sasa toa kokoto kwa kizoleo cha plastiki. Utaona tope jeusi, na pengine harufu ya mayai viza: hiyo ni haidrojeni salfaidi, sumu kwa samaki, na ndiyo sababu kazi hii haifanywi wakiwa ndani. Maji ya chini yamwage yote. Vikombe viwili vya kokoto visuuze kwa maji ya tangi, vitie kwenye soksi ya nailoni na uvihifadhi ndani ya ndoo ya samaki. Vitaning'inizwa karibu na filta kwa wiki 4 kama akiba ya bakteria.

Mawe makubwa hutangulia mchanga, yakae moja kwa moja kwenye kioo cha chini. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga huchimbwa na samaki kama sato, likaanguka na kuvunja kioo. Mimina mchanga, upe mteremko, weka maji ya kina cha sentimita 10, ndipo upande. Vallisneria na Cryptocoryne zipandwe hadi mizizi ifunikwe, lakini kile kitovu cheupe ambapo majani hutokea kibaki juu. Kisha jaza maji polepole yakiangukia sahani. Subiri vumbi litulie saa moja au mbili kabla ya kurudisha filta. Mdomo wake uwe angalau sentimita 10 juu ya mchanga, kwa sababu chembe zikiingia hula rota ya pampu. Samaki warudishwe joto la maji likiwa limelingana, tofauti isizidi nyuzi 2.

Wiki za mwanzo

Siku 2 bila chakula, kisha nusu ya kipimo kwa wiki 2. Pima amonia na naitraiti kila siku. Zikifika miligramu 0.25 kwa lita, badili maji asilimia 30. Huna kipimo? Badili robo ya maji kila baada ya siku moja. Samaki wanaohema juu ya maji hawasubiri kesho.

Taa ya LED nyeupe ya mchana, saa 6 kwa siku mwanzoni, hadi 8 baada ya mwezi. Jua la dirishani huleta mwani. Majani ya Cryptocoryne yakiyeyuka yote, usiing'oe. Mizizi ikiwa hai itachipua. Ukungu wa kahawia kwenye mchanga na vioo ni wa kawaida katika tangi jipya na hupungua wenyewe.

Mchanga hauna chakula cha mimea. Kila baada ya miezi 3, fukia vidonge vya mbolea vya akwariamu karibu na mizizi. Usijaribu urea, DAP, CAN wala samadi: zote huachia amonia.

Uchafu wa samaki hubaki juu ya mchanga, kwa hiyo shika mpira sentimita 1 au 2 juu yake, unyonye bila kuchimba. Mahali pasipo na mizizi, choma kwa kijiti mara moja kwa wiki ili gesi isijikusanye. Mimea unayopunguza ianike juani hadi ikauke kabisa kabla ya kuitupa, isije ikaenea mtoni au ziwani. Gugu maji la Ziwa Victoria lilikuwa pia mmea wa mapambo.