Namna ya kufukua asili ya neno la kazini la Kiingereza: mfano wa deadline

Kuna mtafsiri mwenzangu kaniuliza hii dedlaini (deadline, muda wa mwisho wa kukabidhi kazi) tunayokimbizana nayo kila siku imetoka wapi, nikaona bora niiweke njia yote hapa.

1. Fungua Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza, ni bure. Chukua miaka tu, hadithi ziache kwanza.

2. Tenganisha maana. Deadline ya zamani ni mstari wa gerezani. Kambi ya Andersonville, Georgia, 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: ndani ya ukuta wa magogo walipigilia ubao mwembamba juu ya vigingi, mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Mkuu wa gereza, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865 na kesi yake ilijaa magazetini.

3. Sasa ingia kwenye magazeti yenyewe, na hapa usiwe na haraka kabisa. Mimi natumia Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, bure, na unaona ukurasa mzima. Google Books kwa kazi hii siipendi, majarida mara nyingi inayapa mwaka wa toleo la kwanza, yaani inakuandikia 1890 kumbe ukurasa wenyewe ni wa 1935, kwa hiyo usiamini mwaka mpaka uone tarehe iliyochapwa pale pale. Tafuta kwa maumbo yote matatu, dead line, dead-line na deadline, maana zamani waliliandika kama maneno mawili, na wino ukiwa umefifia kompyuta inasoma herufi ndivyo sivyo. Ukilipata soma sentensi nzima. Mfano 1880 mkuu wa wapelelezi wa New York, Thomas Byrnes, aliweka dead line mtaa wa Fulton, mwizi anayejulikana akishuka chini ya hapo kuelekea Wall Street anadakwa. Huo bado ni mstari wa ardhini, sio muda! Endelea tu mpaka ukute saa au tarehe ndani ya sentensi, na hizo zinaanza kujitokeza miaka ya 1910 kwa watu wa magazeti.

4. Ziba pengo kati ya mstari na muda. Wachapaji nao walikuwa na mstari wao kwenye mashine, herufi zikiuvuka hazichapiki vizuri, ndo maana wengi wanapitishia neno hapo. Kama huna sentensi ya zamani inayounganisha mstari huo wa mashine na maana ya muda, andika "huenda", na mhariri akitaka kulifuta mkatalie.