Somo: Kumfundisha mtu azungumze mbele ya kamera bila kuganda

Assalaam alaykum. Nnaandika mara moja ili nisiandike tena. Kila wiki mtu ananiuliza "nifanyeje nijiamini mbele ya kamera", namjibu, na wiki ya pili anakuja mwengine na suali lile lile. Kuanzia leo jibu langu ni "soma somo".

Wanaokuja kwangu ni watembeza wageni, akina mama wa vikundi na walimu wa skuli wanaotaka kujirekodi kwa simu. Sina studio. Nina simu, stendi na kiti cha plastiki, na kiti ndicho kinachofanya kazi kubwa, mtaona.

1. Futa lenzi. Pindo la khanga linatosha.

2. Simu ikae usawa wa macho. Ukiilaza mezani tutahesabu nywele za pua.

3. Mwangaza. Mkalishe akitazama dirisha au mlango, asiupe mgongo. Nje, rikodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Saa sita jua letu liko utosini na macho yanageuka mashimo. Halafu angalia nguo. Simu hupima mwanga wa picha nzima na kuuvuta uwe wa kati kwa kati. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye picha, simu hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unakuwa giza. Buibui jeusi ni kinyume chake, uso unapauka. Bonyeza kidole juu ya uso wake kwenye kioo na ukishikilie. Simu nyingi zitafunga kipimo hapo hapo.

4. Sauti. Zima pangaboi. Zima na friji, na ufunguo wa nyumba utie ndani ya friji, hutaondoka bila ya kukumbuka kuliwasha. Jua adhana ni saa ngapi. Simu isizidi hatua mbili kutoka alipo mzungumzaji, au tumia maiki ya kubana, na isiguse ushungi, itakwaruza mwanzo mwisho.

5. Mpe mtu wa kuzungumza naye. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa msiruke.

Mwanzo wa kazi hii nilikwenda upande wa Jambiani, huku Unguja, kumrikodi mama mmoja anayelima mwani na kutengeneza sabuni yake. Nikamwandikia ukurasa mzima, Kiswahili cha taarifa ya habari, "sabuni hii ina manufaa lukuki". Maskini akauhifadhi wote. Tukaanza. Kila sentensi namkatiza: tabasamu, changamka, usitazame chini, rudia. Kufika mara ya kumi na mbili alikuwa anauliza "nimekosea?" hata mdomo hajaufungua. Mwisho akavua maiki akaniwekea mkononi: "Mwanangu, katafute mwengine anayejua."

Nikaanza kufungasha. Jirani yake akapita uani, akalalamika kuwa sabuni ya safari hii inayeyuka upesi. Basi mama yule! Akageuka, akakamata kipande mkononi, akakigonga kwa ukucha: "Sikia hii. Hii imekauka. Nilikwambia wiki nne, wewe ukaja ya pili ukachukua kwa nguvu, sasa unamlaumu nani?" Akaeleza mafuta ya nazi, unga wa mwani, karafuu anatia lini, kwa nini hakati vipande siku ile ile. Kila nilichokiandika na zaidi, kwa mikono na kicheko. Na simu yangu imezimwa, iko mfukoni.

Hakuwa mwoga yule. Mimi nilimweka azungumze na kipande cha kioo. Tangu siku hiyo kiti cha plastiki kinakaa nyuma ya simu, kimegusana na stendi, na juu yake nnamkalisha mtu anayemjua: jirani, mdogo wake, mteja. Kidevu cha aliyekaa kiwe juu kidogo tu ya lenzi, ili macho ya mzungumzaji yaangukie karibu yake. Aliyekaa ndiye anayeuliza. Mzunguko wa tatu, yaani mkirikodi mara ya tatu, muondoe mtu, kiache kiti. Wengi huendelea kana kwamba bado amekaa.

Tahadhari, na hizi nimezilipia:
- Usimkatize. Akikosea, mwache amalize. Mwisho wa mzunguko mwambie jambo moja, si manne.
- Usimwambie "jiamini". Ni sawa na kumwambia asiyepata usingizi "lala".
- Usimwandikie. Mpe vichwa vitatu vya maneno, akariri sentensi ya kwanza peke yake, maana ulimi hufungika mwanzoni.
- Tumia kamera ya nyuma. Akijiona kwenye kioo ataanza kurekebisha mtandio.

6. Mizunguko mitatu, kisha chai.

7. Tazameni mara mbili: kwanza bila sauti, halafu simu kifudifudi msikilize tu.

MASUALI

Kijana wa Michenzani: Mimi naogopa sana kamera, nifanyeje nijiamini?
— Namba 5.

Kijana wa Michenzani: Ndefu ile. Nifupishie.
— Kiti.

Bint Wete: Mie nnajirikodi peke yangu usiku watoto wakilala. Hamna wa kumkalisha. Na kiti kitupu kinanichekesha.
— Suali zuri hili. Shoga yako ukimtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, unaganda? Hugandi. Basi anza video kwa kumwita jina lake: "Unajua shoga, leo nimepika...", uendelee. Jina lake utalikata baadaye. Muda wa kumwita uwe unatazama lenzi, si sura yako.

Bint Wete: Nimejaribu. Dakika sita! Ila taa inapiga mistari inayopanda na kushuka.
— Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi taa nyingi hupepesa mara mbili, kwa hiyo mara 100 kwa sekunde, na simu yako pengine inapiga picha 30 kwa sekunde. Hazilingani. Tafuta kwenye mipangilio uweke picha 25, hiyo inaingia sawasawa kwenye 100.

Fundi wa Darajani: Kama simu haina 25, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Au badilisha balbu, za bei rahisi ndizo zinazopepesa zaidi.
— Ahsante fundi.

Mtu wa Mkwajuni: Kwa hiyo ulimtesa mama wa watu mara kumi na mbili, leo unatufundisha?
— Nimelieleza mwenyewe, hukulifichua wewe. Una suali?

Mwalimu wa Chake: Nnasomesha jiografia. Mbele ya kamera nnaona haya na Kipemba changu, nnajilazimisha sanifu, na hapo ndipo nnapokwama.
— Mwalimu, unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: unasomesha na unaulinda ulimi. Moja itaanguka. Istilahi za mtihani zitaje kama zilivyo kitabuni, maelezo yatoe kama unavyoyatoa darasani Chake. Na usikiogope sanifu, kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Watu walikaa wakachagua, hakikushuka na mvua.

Mwalimu wa Chake: Nimecheka peke yangu. Jengine: ubaoni maandishi yanatokea kinyume.
— Hiyo kamera ya mbele, hukuonesha kama kioo. Video ikishahifadhiwa mara nyingi huwa sawa. Isipokuwa sawa, zima kipengele cha kioo kwenye mipangilio. Au rudi namba 5, tahadhari ya mwisho.

Bint Wete: Na yule mama, ulimrudia?
— Nilimrudia. Nilisubiri bamvua, yale maji makubwa, ipite, siku zile maji yakitoka yuko pwani na mwani wake, humpati. Nikaenda kwanza kwa jirani, nikambebea kiti mwenyewe. Mzunguko mmoja tu.

Bint Wete: Sabuni yake nitaipata wapi?
— Nikienda nitakuchukulia. Ila zilizopo zimemiminwa kugandishwa juzi, usinihimize kabla ya wiki nne.